Tafi Watatu wa Kupimwa

Kila nikipita barazani mnanikamata mkono mnataka kujua ilikuwaje nikatoka Likoni na watu wa serikali huku nikijitapa, nikarudi siku ya nne nimenyamaza. Nimewasimulia vipande vipande, huyu hiki na yule kile, na sasa nasikia huko Mtongwe wanasema nilitiwa ndani. Sikutiwa ndani. Nimekaa niyaandike yote mara moja, na atakayeuliza tena nitampa karatasi asome mwenyewe.

Lile pipa la chuma mnalikumbuka, lililokwama mwambani mbele ya Shelly Beach. Watu walisema ni taka za nyuklia, zile ambazo tangu ujana wetu tunasikia kwamba meli za ng'ambo huzimwaga baharini mbali na macho ya watu. Wakaja wenye glavu wakalichukua, na hakuna aliyerudi kutuambia lilikuwa na nini ndani. Baadaye serikali ikatuma timu ya kupima bahari kuanzia kwetu mpaka Kisauni: maji, tope na samaki. Wavuvi walitaka mtu wao awepo, ahakikishe kwamba samaki waliochukuliwa ndio watakaopimwa, wasibadilishwe njiani. Siku ya kuchagua, mimi katibu wa kamati ya wavuvi nilitoka kidogo kwenda kuswali. Niliporudi nilikuwa nimeshachaguliwa.

Nilifurahi, sitawaficha. Niliogopa pia, kwa sababu bahari ndiyo iliyonilea na sikutaka kuwa mtu wa kwanza kusikia kwamba imeharibika.

Shelly Beach

Timu yenyewe ilikuwa watu wawili. Bi Nyambura, mtaalamu wa mionzi kutoka Nairobi, mwanamke mrefu asiye na haraka, ambaye kila mtu alimwita Daktari. Na dereva wake Mutua, mtu mcheshi aliyeiamini simu yake kuliko binadamu yeyote.

Daktari alitoa kifaa cha kupimia mionzi, kadiri ya redio ndogo, akakielekeza mchangani. Kikalia: tik, tik-tik, tik. Mimi nikarudi nyuma hatua tatu. Akatabasamu, akanieleza kuwa kila mahali duniani kinalia hivyo, kwamba mawe yana mionzi yake na hata ndizi ina yake, na kwamba la kuogopa ni kikilia mfululizo bila kupumua. Kichwa changu kilielewa. Tumbo halikuelewa. Tangu hapo kila kiliponyamaza nilisubiri, na kila kilipolia nilihesabu.

Alinieleza na jambo jingine ambalo lilinikaa zaidi. Sumu ikiwa kidogo ndani ya samaki, kifaa kile hakiioni. Lazima samaki apelekwe maabara, akaushwe, asagwe, apimwe kwa mitambo mikubwa. Kwa hiyo mtu anaweza kushika samaki mzuri, macho mang'avu, mashavu mekundu, na asijue kitu. Miaka arubaini nimechagua samaki kwa macho na kwa pua, na siku ile niliambiwa kwamba macho na pua yangu havina kazi.

Tulichukua samaki watatu, tafi, waliovuliwa pale pale pipa lilipokuwa limekwama. Daktari akawatia kwenye mfuko wa plastiki, akauandika namba mbili, akawalaza kwenye sanduku la barafu juu ya samaki wa Mtongwe tuliokuwa tumewapata asubuhi. Nikaomba nilishike mimi sanduku, maana hiyo ndiyo kazi niliyotumwa. Alinitazama akasema, "Mzee Bakari, sanduku hili likikutoka mkononi, kazi ya hapa imekwisha." Nikamwambia halitanitoka.

Kivukoni

Tulikuwa tunakwenda Changamwe, nikamshauri Mutua tuzunguke Dongo Kundu, barabara ipo na ni nzuri. Simu yake ilimwambia kivuko ni karibu zaidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila siku ile guu lililovunjika lilikuwa la sote. Foleni ya magari ilianzia mbali, jua la saa nane limesimama juu ya paa, na mimi na sanduku langu mapajani. Kila nikilitikisa nasikia barafu inageuka maji.

Mama mmoja mwenye beseni la viazi vya karai alinusa samaki, akaja dirishani, akanisalimia vizuri, kisha akauliza nauzaje. Nikamwambia hawauzwi. Akauliza kama ni wa harusi. Nikasema si wa harusi.

"Basi ni wa nini, baba, wa kutazama?"

Nikapandisha kioo. Ningemwambia ukweli foleni nzima ingetawanyika na gari letu lingevuka peke yake. Nilikaa na joto langu na aibu ya kumfungia mtu mzima kioo usoni. Baadaye nilikiteremsha nikanunua viazi vyake kwa kuomba radhi, nikavila vyote peke yangu kwa sababu Daktari alisema hali vya mafuta na Mutua alikuwa amenuna.

Pale ndipo nilipojizoesha kunyamaza. Nilijiambia kwamba naficha ili watu wasipate hofu. Ukweli ni kwamba sikutaka kulitamka jambo lile kwa mdomo wangu, nisije nikaanza kutetemeka mbele za watu.

Changamwe hadi Mikindani

Tulifika Changamwe jua limeshainama. Daktari alihitaji tope la kwenye mikoko ya kule nyuma, na mlinzi mmoja alituzuia karibu saa nzima, akidhani tumekuja kupima ardhi ya watu. Mutua alimwonyesha barua ya serikali. Mlinzi akasema hata waliomhamisha jirani yake walikuja na barua. Alilegea niliposalimiana naye kwa Kiduruma, lugha ya kwao, na kumuuliza hali ya wazee wake nyumbani, na hapo akatuonyesha mwenyewe njia ya kuteremkia. Tuliingia kwenye tope mpaka magotini, tukajaza chupa zetu.

Nyumba ya wageni waliyokuwa walale wenzangu ililikataa sanduku. Mwenyeji alisema friji yake ni ya soda na harufu ya samaki haitoki. Barafu ilikuwa imebaki vipande vya kuhesabika. Ndipo nikakumbuka friza ya dada yangu Mwanasha, pale Mikindani, anayogandishia barafu za ukwaju za kuwauzia watoto wa shule. Daktari alisita sana. Mwisho akasema, "Lisifunguliwe," nami nikajibu inshallah, wakanishusha mlangoni.

Mwanasha ni mkubwa wangu kwa miaka saba na ndiye aliyenibeba mgongoni. Nyumbani alikuwapo bintiye Mejumaa. Mimba mbili zilimtoka huko nyuma, na hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa saba, kwa hiyo mumewe alimrudisha kwa mama yake atunzwe. Alinipa shikamoo huku ameshika kiuno, anatembea kwa kujihadhari kama aliyebeba maji kichwani. Nikaamua palepale kutosema lolote juu ya mapipa wala mionzi ndani ya nyumba ile.

Mwanasha alilipokea sanduku kabla sijamaliza kusalimia. Nikamwambia liingie lote kwenye friza, nitalichukua asubuhi, nikaenda zangu msikitini.

Niliporudi nyumba ilikuwa inanukia nazi. Chakula cha Mwanasha mnakijua wale mliowahi kukionja. Palikuwa na wali, na mchuzi wa nazi mzito uliokamuliwa ndimu, na tafi ndani yake. Mejumaa alipewa mkubwa kuliko wote kwa kuwa anakula kwa ajili ya wawili. Nilikula mpaka nikalegeza mkanda, na wala haikunipitikia kuuliza samaki wametoka wapi. Nilidhani Mwanasha amewanunua jioni. Mejumaa akasema, "Mjomba, leo mtoto anacheza sana," akaweka mkono tumboni, nasi tukacheka.

Asubuhi, Mikindani

Nilifungua friza nikakuta sanduku limefutwa vizuri na limefungwa vizuri. Ndani mlikuwa na samaki wa Mtongwe. Mfuko wa namba mbili haukuwamo. Nilipekua chini ya barafu za ukwaju, nikapekua pande zote, kisha nikamwita dada yangu kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua.

Alinijibu kwa upole. Alikuwa ametoa wale wa juu tu, na wengine ameniwekea nipeleke ninakokwenda.

Niwaeleze nini nyinyi, nanyi ni watu wa huku huku? Kwetu ndugu akitoka ufuoni na samaki, hatoi maelezo. Mkono mtupu haulambwi, na samaki ndiye salamu yake. Akisema usijisumbue, waweke tu, hiyo ni adabu ya mgeni, na wajibu wa mwenyeji ni kuipuuza adabu hiyo na kubandika chungu. Mwanasha hakukosa hata chembe. Angewaacha wale tafi kwenye friza akanilaza na mchicha, marehemu mama angefufuka kumgombeza. Mwenye kosa ni mimi, niliyeingia nyumba ya dada yangu na neno moyoni nikalala nalo.

Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Na hapo shetani alinijia, sitawaficha hilo nalo. Soko haliko mbali. Tafi watatu ni tafi watatu. Nifunge mfuko, niandike namba mbili, nani atajua? Nilikwisha simama. Kisha nikamsikia Mejumaa ndani akikohoa, nikafahamu kwamba nikipeleka tafi wa sokoni, hatutajua kamwe yeye alikula nini. Mficha uchi hazai. Nikampigia Daktari simu nikamwambia yote.

Alikuja upesi, na hakunigombeza, na hilo lilinitisha kuliko angenigombeza. Aliuliza nani amekula, kiasi gani, na mifupa iko wapi. Mifupa ilikuwa kwenye ndoo ya taka uani, imechanganyika na machicha ya nazi na maganda ya vitunguu. Alivaa glavu akapiga magoti, akaanza kuokota mwiba mmoja mmoja na vile vichwa vitatu, akivitia kwenye mfuko mpya.

Mwanasha alitoka na ufagio akamkuta mgeni wa Nairobi anachakura taka zake. Hakumuuliza yeye. Alinitazama mimi. Nikasema lote, la pipa na la mwamba na la namba mbili, macho yangu yakiwa chini.

"Nawe uliyajua haya ulipoingia mlangoni pangu," alisema.

"Nilichelea kuwatia hofu, dada."

"Na ulikula?"

"Nilikula. Sikujua kuwa ndio hao."

Aliuegemeza ufagio ukutani polepole. "Haya. Basi tu sote."

Mejumaa alikuwa amesimama mlangoni na amesikia kila neno. Alimwendea Daktari akamwambia ampime. Daktari akamweleza kama alivyonieleza mimi, kwamba kifaa cha mkononi hakiwezi kuona kilicho kidogo ndani ya chakula. Mejumaa akasema amefahamu, na ampime hivyo hivyo.

Kifaa kikasogezwa mbele ya tumbo lile. Tik. Kikanyamaza. Tik-tik. Kikanyamaza tena. Mwanasha alikuwa akisoma dua chini kwa chini na mimi nikihesabu. Daktari alikisogeza kwenye ukuta, kisha kwenye kizingiti cha mlango, akamwambia Mejumaa asikilize, kinalia vile vile. Halafu akamwambia ukweli, kwamba hilo halisemi chochote kuhusu mlo wa jana. Ningependa angemdanganya. Wallahi ningependa.

Aliongeza kuwa mlo mmoja, hata samaki angekuwa na kasoro, kwa kawaida ni kitu kidogo.

"Kidogo kwa nani?" Mejumaa aliuliza.

Daktari alivua glavu, akasema kidogo kwa mtu mzima, na kwa aliye tumboni asingependa kusema asilolijua.

Kisauni na Mwakirunge

Daktari hakunirudisha nyumbani. Sanduku alimpa Mutua, mimi nikapewa chupa za maji nibebe. Hakuna aliyetaja sababu. Njia nzima mpaka Kisauni Mutua hakufanya mzaha wowote, na kwa mtu kama yule hiyo ni adhabu.

Kwenye diko la Kisauni, pale wavuvi wanapoteremshia samaki, habari zilikuwa zimetutangulia kwamba daktari wa serikali anakuja. Tulikuta akina mama wamepanga mstari, huyu na mtoto mwenye kikohozi, yule na vyeti vya hospitali kwenye mfuko wa plastiki. Bibi mmoja alikuwa ameshajifunua goti lake lililovimba. Ilichukua muda mrefu kuwaeleza kwamba daktari huyu hutibu bahari, na waliondoka wakinung'unika, mmoja akisema kwa sauti kwamba bahari haijawahi kulalamika kuumwa. Daktari aliketi na yule bibi mwenye goti hata hivyo, akamsikiliza mpaka mwisho. Siku nyingine ningecheka nikakata mbavu. Siku ile nilikuwa nahesabu kila mnguruko wa tumbo langu. Nikijisikia kichefuchefu najiuliza kama ndiyo imeanza. Nisipojisikia najiuliza kama Mejumaa anajisikia.

Sikula mchana wala jioni. Nilimpigia Mwanasha simu mara tatu, na mara ya tatu aliniambia nisipige tena kwa sababu Mejumaa akisikia inalia anashtuka.

Siku ya tatu tulipanda Mwakirunge, Daktari alitaka maji na tope la mkono wa bahari unaoingia kule chini. Moshi wa jaa la taka la pale ulikuwa umetanda na macho yanawasha. Waokota vyuma walikuwa wamesikia kuna kifaa, wakatuletea vipande vyao vipimwe, gia, springi, mlango wa jokofu. Daktari alipima kimoja kimoja bila kuchoka. Kila kipande kilipoletwa mimi nilisogea mbali, wenzangu wakadhani naogopa uchafu.

Mzee mmoja mchonga mawe, jina lake Karisa, alinikuta nimekaa kivulini mwa gari. Alinigawia muhogo wa kuchoma na pilipili, nikamshukuru nikaushika tu. Aliponiuliza kama naumwa, nilimsimulia. Sijui kwa nini yeye, mtu nisiyemjua, wakati nilishindwa kumwambia dada yangu. Alisikiliza akitafuna.

"Sisi moshi huu na vumbi la mawe tunavila kila siku," alisema, "na leo ndiyo mara ya kwanza naona mtu amekuja na kifaa, tena amekuja kwa ajili ya maji. Wewe hofu yako angalau imeandikiwa namba."

Nikamega muhogo ule kidogo. Hicho ndicho chakula nilichokula siku mbili zile.

Kurudi Likoni

Siku ya nne tulipita Dongo Kundu, Mutua hakuitazama simu. Tulirudi mwambani, na Daktari akasubiri mwenyewe mpaka wavuvi wakatoa tafi watatu wengine pale pale. Aliwafunga mwenyewe, akaandika namba mbili, na pembeni akaandika kwamba ni mara ya pili na sababu yake, na jina langu. Nilimwona akiandika.

Nikamuuliza juu ya ule mfuko wa mifupa. Alisema atawaomba maabara, na jibu lolote atakalopewa atanipa kama lilivyo. Nilimwamini. Ndiyo siku mliyonikuta nimenyamaza, mkanitania kwamba serikali imeniziba mdomo.

Mikindani tena

Simu yake ilikuja baada ya wiki kadhaa. Maji, tope na samaki wa vituo vyote vilikuwa katika hali ya kawaida ya bahari. Wale tafi wa pili walikuwa wazima kabisa. Kuhusu pipa lenyewe alisema hilo liko kwenye ofisi nyingine na yeye hajui. Nilimshukuru mara tatu, nikashindwa kuuliza nililotaka, akalisema mwenyewe. Mifupa haikupimwa. Ilikuwa imepikwa kwa chumvi na nazi na kuchanganyika na taka, maabara wakasema hiyo si sampuli, wakaitupa.

Nilikwenda Mikindani na nakala ya barua. Njiani nilijifundisha namna ya kuingia, niingie nikicheka, nianze na habari njema. Mwanasha aliipokea, akavaa miwani, akaisoma yote kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka chini kwenye sahihi. Kisha akarudi juu.

"Hapa ni wapi palipoandikwa wale wetu?"

Nikamwambia wale wetu hawamo. Hawa ni wenzao, wa mwamba ule ule.

"Wenzao," alisema.

Nikamwambia Daktari ameona hakuna sababu ya kuogopa. Akasema amesikia, na Mungu amlipe mema, yule mwanamke alipiga magoti kwenye taka za nyumba ile. Akaikunja barua, akaiweka chini ya kitambaa cha meza, akaenda jikoni. Mejumaa alikuwa amelala. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi kidogo, na nilimwona amelala ubavu, mikono yote miwili tumboni.

Mwanasha alipakua wali na mchicha wa nazi. Tulikula. Nami kwa kutafuta neno, na kwa ujinga wangu mnaoujua, nikauliza mbona siku hizi nyumba hii haina harufu ya samaki.

Dada yangu hakukasirika. Aliniongezea mchuzi kwanza.

"Nitapika," alisema, "mtoto akishatoka nikamhesabu vidole."

Juzi Mejumaa aliingia mwezi wa tisa. Simu yangu siizimi.